Tundu la Tatu

Mume wangu wanamwita Kidole, na hawamtanii. Kwa miaka ishirini na saba ametengeneza vichwa vya injini kwa kidole chake kidogo cha mkono wa kulia. Kichwa cha injini, kwa asiyekijua, ni lile pande la chuma linalokaa juu ya injini, lenye matundu ambamo hewa hupita kwenda kukutana na mafuta. Kikitoka kiwandani, matundu hayo huwa na vinundu na mikwaruzo. Fundi anayejua huyalainisha kwa grenda ndogo, na injini ikapata kuvuta pumzi vizuri. Mafundi wengine huchungulia kwa tochi. Wangu aliingiza kidole, akafumba macho, akasema "Bado" au "Basi." Akishasema basi, ni basi.

Mimi ni mshonaji. Banda letu ni moja, tumeligawa kwa pazia: huku cherehani na nguo za watu, kule chuma na grisi. Hakuna kitu tulichokigombania katika ndoa yetu kama pazia lile, maana grisi haijui mpaka.

Mwaka juzi, tukiwa tunakula chakula cha mchana, niliona pini yangu imesimama kwenye kidole chake kile kile, imezama nusu. Yeye anakula, anaongea, na pini inacheza. Nikamwuliza, "Huumii?" Akakitazama kidole kama cha mtu mwingine. Kumbe ganzi ilishamwingia zamani na alikuwa ananificha. Daktari alisema ni mtetemo wa grenda miaka yote ile, mishipa imechoka, na asitarajie irudi kama ilivyokuwa.

Kabla hatujajua la kufanya, dereva wa lori la mawe, mteja wake tangu ujana, alikuja uso umemkunjamana. "Fundi, gari linakunywa maji." Walipofungua wakakuta mume wangu ametoboa ukuta wa tundu mpaka kwenye njia ya maji ya kupozea injini. Chuma kilikuwa kimebaki chembamba na kidole hakikumwambia. Dereva hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Mume wangu akamtafutia kichwa kingine kizima, akamfungia bila kukigusa ndani. Kisha akaja upande wangu wa pazia, akaketi kwenye kigoda, akasema, "Mimi nimekwisha."

Aliketi pale miezi saba. Kama unadhani mwanamume aliyekata tamaa anakuwa mtulivu, njoo nikusimulie. Alinikosoa mishono, alinipangia nyuzi kwa mpango wake mwenyewe, aliwaambia wateja wangu kwamba gauni linavuta begani. Mara mbili nilitamani kumshona mdomo. Lakini nilikuwa namwona anavyokifinya kidole kile akidhani sioni, na roho ilikuwa inaniuma sana.

Kilichomwinua ni ugomvi. Siku moja nilikuwa nafyonza vumbi la nyuzi kwenye cherehani kwa mashine yangu ya umeme, ikameza kipande cha bitana. Mashine ikapiga ukelele. Nilipokivuta kitambaa, sauti ikashuka.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini? Kitambaa cha mteja hiki!"

"Rudia, mama watoto, nakuomba."

Akaninyang'anya bomba. Akaliziba kwa kiganja chote, kisha nusu, kisha kwa kijiko. "Unasikia? Inajua hewa inapita kiasi gani."

"Inajua kwamba unaiua," nikamjibu.

Mpaka jioni mashine haikuwa yangu tena. Akaokota nyingine tatu mbovu kwenye skrepa, akazitoa mota, akazifufua. Akaunda kasha la plaiwudi, kubwa kama sanduku la nguo. Juu kuna mdomo, hapo ndipo kinapokaa kichwa cha injini. Chini mota nne zinavuta hewa ipite ndani yake. Ubavuni akapachika mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ameulaza kwenye ubao wenye mistari, umejaa maji aliyoyatia rangi nyekundu. Hewa nyingi ikipita, maji yanapanda mistari mingi. Ikipita kidogo, yanapanda kidogo. "Kidole hakisikii," akaniambia. "Basi tutaiuliza hewa yenyewe."

Hewa ikaanza kwa kutudanganya. Alikuwa amekata bati lenye tundu moja la kipimo, la kuweka mdomoni kila asubuhi, ili ajue kama chombo kinasema neno moja. Siku ya kwanza maji yalifika arobaini, ya pili arobaini na saba, ya tatu arobaini na tatu. Bati lile lile, tundu lile lile. Nikamwambia, "Mimi ningekuwa mwongo hivi ungeshanirudisha kwetu." Tukakuta ndani ya mpira kiputo cha hewa, kidogo kama punje ya ufuta. Nikatia tone la sabuni kwenye maji, kiputo kikateleza kikatoka. Ikawa nafuu, lakini haikupona.

Ndipo akauziba mdomo wote. Hewa haina pa kupita, kwa hiyo maji yalitakiwa kulala. Akawasha; maji yakapanda hadi tisa. "Kuna mahali inaingia," akasema, akapeleka mkono kwenye maungio ya mbao ili asikilizie upepo. Halafu akakumbuka. Akaurudisha mkono mfukoni taratibu, na mimi nikaona siwezi kuvumilia kitendo kile hata mara moja zaidi.

Nikaenda kuchukua uzi mweupe. Nikaushika ncha moja, nyingine nikaiacha inaning'inia, nikaanza kuzunguka kasha inchi kwa inchi. Kwenye kona ya tatu, chini ya skrubu, uzi ulisita. Kisha ukageuka, ukanyooka, ukaingia wenyewe kwenye ufa ambao jicho langu la kutunga sindano halikuwa limeuona. Nilisahau kupumua. Maisha yangu yote nimeishi ndani ya hewa na siku ile ndiyo nilipoiona inapita, ina njia yake na haraka zake. Tulipata nyufa kumi na moja. Tulipozipaka gundi zote na kuwasha tena, mota nne zikinguruma na bati la paa likitetemeka, maji mekundu yalilala kimya kabisa. Tukasimama tumeshikana mikono kama maharusi. Na lile bati la kipimo likasoma arobaini na moja wiki nzima.

Bado hakukiamini chombo. Akamwomba dereva alete kichwa cha lori lake la kwanza, lililokuwa limelala uani kwake miaka tisa. "Kile nilikifanya kidole kikiwa kizima," akasema. "Matundu manne, sawasawa. Chombo kikisema sawasawa, narudi kazini. Kikisema vingine, nakivunja kuni."

Dereva akakileta begani. Mume wangu akakifunga juu ya mdomo, akapima tundu moja moja, mimi nikisoma. La kwanza, sitini na mbili. La pili, sitini na mbili. La tatu, hamsini na tano. La nne, sitini na mbili.

Mume wangu akakishusha kichwa. Akaziba mdomo: maji yakalala. Akaweka bati: arobaini na moja. Akarudia tundu la tatu: hamsini na tano. Niliogopa, nasema kweli. Chombo tulichokiunda kimrudishie kazi kilikuwa sasa kinamnyang'anya hata ile miaka yake mizuri.

Akakibeba kichwa kile hadi kwenye meza yake ya kazi, akakiweka kama alivyokuwa akikiweka zamani, akasimama kama alivyokuwa akisimama. Akaingiza kidole tundu la kwanza, la pili. Alipokwenda la tatu, kiwiko chake kikagonga nguzo ya banda. Akabaki hivyo hivyo. Kisha akaigeukia nguzo. Pale kwenye usawa wa kiwiko rangi ilikuwa imeisha na mti umeng'aa, umebonyea kidogo. Kila lilipofika tundu la tatu, nguzo ilimkunja mkono, kidole kikaingia kimeinama na kisifike juu. Akamulika kwa tochi na kioo kidogo. Juu kabisa, mahali ambapo hakuwahi kugusa, palikuwa na kinundu chembamba kama ukucha.

Nilifikiria injini zote zilizopita mikononi mwake, milima yote ziliyoipanda, mvua na vumbi, na ndani ya kila moja hewa inajikwaa mahali pamoja kwa sababu ya nguzo ya banda letu. Sisi tuliokaa nayo hatukujua. Hewa ilijua.

Dereva akakohoa. "Kwa hiyo, Fundi, lori langu lilikuwa linapanda mlima na mapafu matatu na nusu?"

Angeweza kusema ni kutu, ni uzee wa chuma. Nilikuwa tayari kumkanyaga mguu ili aseme hivyo.

"Ndiyo," akasema. "Na mengine yote niliyowahi kuyashika."

Dereva akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. "Shemeji, unamsikia huyu?" akaniuliza. Kisha akamgeukia mume wangu. "Na hicho ulichonifungia badala ya kilichotoboka, ndani hujakigusa?"

"Sijakigusa."

"Nakishusha kesho. Nifanyie. Lakini safari hii nataka yote manne."

Asubuhi yake tuliisogeza meza mbali na nguzo, na dereva akakileta kichwa. Akawa anakwangua kidogo sana, anapima, anakwangua, anapima, maana ganzi haikuwa imeondoka na kosa la ule ukuta hakulisahau. Kufikia alasiri matundu matatu yalikuwa yamesimama sitini na nne. La tatu alikuwa ameliacha la mwisho. Likapanda hamsini na nane, sitini na moja, sitini na tatu. Akakwangua tena, akakifunga kichwa, akawasha, akageukia ukutani.

"Soma."

"Sitini na nne."

"Soma tena. Mimi nalitaka mno jibu hili, nitaona ninachokitaka. Asome mtu asiye na hamu nalo."

"Basi umekosea mtu," nikamwambia. Mistari ilikuwa imenichanganyikia machoni, ikabidi nijifute kwa pindo la gauni la mteja ndipo niinamie ubao tena. "Sitini na nne, baba watoto. Geuka uone."