Shahamu Chini ya Gari la Sunnvá

Nitakalosimulia hamtalisadiki hata kidogo, na sijali. Pua yangu ndiyo shahidi, na mpaka leo inanilaumu.

Sunnvá ni mtoto wa dada yangu. Amepasua samaki kiwandani tangu alipoacha shule, na hajui kinyaa ni nini. Utumbo wa samaki atautoa kwenye nywele zake huku mkono wa pili umeshika mkate. Mumewe alipomkimbilia mwanamke mwingine huko Denmark alimwachia gari kuukuu, naye analitunza kama ng'ombe wa maziwa. Kila vuli, kabla upepo haujaanza kuturushia bahari mlangoni, hujilaza chini yake akalipaka shahamu ya kondoo lisiliwe na kutu. Wala si shahamu ya kistaarabu! Ni ile ya matumbo, iliyofinyangwa donge ikavundikwa bandani mpaka ikaota manyoya ya ukungu. Mezani, ikiyeyushiwa samaki na viazi, naisifu kuliko mtu yeyote katika visiwa vyetu hivi vya Faroe. Chini ya gari, pamoja na mchanga, nzi waliokufa na mavi ya kondoo, Mungu aninusuru.

Alhamisi moja akaniita.

"Mjomba, gurudumu la mbele linagonga. Kesho ndio ukaguzi wa magari. Wakilikataa watang'oa namba palepale."

"Lipeleke kwa fundi."

"Yuko baharini, anavua."

Nikaenda kutafuta jeki. Dada yangu Birita, mama yake, yuko nyumba ya wazee ng'ambo ya mlima, basi halifiki, na hali chakula asipolishwa na Sunnvá. Wauguzi wakimpelekea kijiko hubana midomo kama chaza. Mimi leseni yangu ilishachukuliwa, eti macho. Bila gari lile, dada yangu angekaa na njaa.

Tukapiga jeki, tukatoa gurudumu. Bushi, ule mpira ulio ndani ya mkono wa chuma unaoshika gurudumu, ilikuwa imeoza kama jino la mlevi. Mpya alikuwa nayo. Kilichobaki ni kuchomoa boliti moja tu. Nati ilitoka vizuri, lakini boliti ikagoma. Shahamu ilikuwa imelinda nje tu. Ndani chumvi ilishapenya, na kutu imeigandisha boliti kwenye bomba la bushi.

"Sogea," nikasema, "uone mwanamume."

Nikalala chali, nikavuta spana. Kikaporomoka kipande cha kutu kilicholowa shahamu, moja kwa moja kinywani. Nikatema, nikatema tena. Ladha yake ni ya sarafu iliyotapikwa na mbwa.

"Ukiwa chini ya gari funga mdomo, Mjomba."

"Tangu lini mimi nikafunga mdomo?"

"Ndiyo maana umeshiba."

Nyundo ikashindwa. Bomba refu tulilochomeka kwenye spana likapinda. Basi akawasha jiko la gesi la mkono, akaielekezea boliti moto. Laiti angeniuliza! Shahamu ikayeyuka, ikatiririka na nzi wake mpaka kwenye mkono wa shati langu, vuguvugu, nzito kama kamasi. Mpira ukaungua. Moshi ukawa mweusi, uvundo wa zizi alimofia kondoo mzee. Nikatambaa nje, nikatapika majanini. Nyuma yangu moto ukashika. Sunnvá akaupigapiga kwa kitambaa cha sufu chenye maji.

"Hiyo ni sweta yangu!"

"Ilikuwa inanuka hata kabla ya leo."

Halafu akainama, akakaza macho. "Mjomba, njoo uone. Inakunywa."

Kweli. Pale ukingoni, shahamu ilikuwa inafyonzwa ndani na chuma cha moto, kama chai kwenye kipande cha sukari. Akakimbilia jikoni, akarudi na donge zima.

"Hicho chakula changu cha jioni!"

"Utakula viazi vitupu."

Akalikandamiza donge kwenye boliti, likalia chwaaa, harufu ikanirudisha majanini. Hakuvuta kwa nguvu. Alikaza kidogo, akalegeza kidogo, akakaza, akalegeza. Chuma kikaguna. Kisha boliti ikaanza kutoka, taratibu, imepakaa uji mweusi wa kutu na mafuta, kitu cha kuchukiza kama funza anayekamuliwa kwenye kidole. Sunnvá akaifuta kwenye suruali yake, akatabasamu.

Asubuhi mkaguzi alilitikisa gurudumu, halikugonga. Akaingia chini na taa yake kuangalia zaidi. Hapo uvundo ukamkumba, akaanguka kama gogo, wakaja wanaume sita kumbeba, daktari akaitwa kwa helikopta, na ilipotua rubani naye akaanza ku—

"Mjomba," anasema Sunnvá, anayesoma nyuma ya bega langu, "mkaguzi alipiga chafya tu, akagonga muhuri. Futa hiyo, twende, Mama anasubiri chakula."