Viatu vya mtani

Wiki nzima nilikuwa naisubiri Jumamosi ifike. Sio kwa sababu ya mazoezi. Nilikuwa namsubiri yule mwanachuo.

Hapa Mpanda, kiangazi, Jumamosi asubuhi tunakimbia joging. Tunatoka mtaani, tunapita relini, tunafanya mazoezi kwenye uwanja wa chuo, halafu tunarudi mtaani; wanachuo nao wanakimbia na sisi kwenda na kurudi. Mimi ndiye nilikuwa naimbisha. Filimbi shingoni, naita, watu wote wanaitikia. Nimemaliza form four, niko nyumbani, chuo nilichoomba wamenikosesha nafasi. Kuimbisha ndio kitu pekee ambacho mtu alikuwa ananijua nacho.

Jumamosi iliyopita yule kaka mwanachuo akanivua filimbi shingoni, mbele ya watu, katikati ya wimbo.

"Mtani, wewe unaimba kama unaita kuku," akasema. "Pumzika, tuachie wasomi. Siku ukipata chuo nitakurudishia."

Watu wakacheka mpaka wakashika magoti. Yeye Msukuma, kwao Kasansa, mimi Mfipa. Sisi ni watani, na mtani hakasirikiwi. Ukikasirika wewe ndiye mjinga. Nikacheka na mimi. Nilicheka meno tu. Ile ya chuo iliniingia, na nikarudi nayo nyumbani, nikalala nayo, nikaosha nayo vyombo.

Ndio nikakumbuka kwamba utani una milango miwili, alikopita yeye na mimi naweza kupita. Mtani anaweza kuchukua kitu chako, na huwezi kumshitaki wala kugombana. Unakiomba mbele ya watu, unakubali umekosa, ndio unapewa.

Basi Jumamosi hii nimekimbia nyuma kabisa, kimya. Baridi ilikuwa kali, vumbi jekundu limelala chini, majani ya pembeni yameungua yote. Yeye mbele anapuliza filimbi yangu. Anaita vibaya. Anawahi, hawapi watu nafasi ya kuvuta pumzi. Nilifurahi kila walipokosea kuitikia.

Uwanjani, baada ya mazoezi, tukavuta kamba, mtaa na chuo. Kamba tunavuta pekupeku, viatu vinakaa golini. Raba zake nazijua, nyeupe, anazifuta na kitambaa kila tukisimama. Wenzangu wakaenda kushika kamba, mimi nikaenda golini. Nikafunga kamba za zile raba pamoja, nikazivaa shingoni.

Alipokuja kuzitafuta, watu walishaziona.

"Mtani, viatu vyangu."

"Viatu gani?"

"Hivyo ulivyovaa kama mkufu."

"Omba."

Akacheka. "Siombi kwa Mfipa. Ila angalia usije ukavikaanga, ukadhani ni wale panya mnaokula kwenu."

"Basi tembea. Ng'ombe wenu wanatoka Kasansa mpaka huku, umewahi kumuona mmoja kavaa raba?"

Watu wakalipuka. Mama mwenyekiti wetu wa joging, mtu mzima, alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Yule kaka akapandisha mabega, akapuliza filimbi, akaanza kukimbia pekupeku. Nikaona kiburi hicho, nikasema moyoni, nenda, njia ya kurudi naijua mimi.

Kwa sababu tukitoka chuo tunakata kwenye kijia kabla ya reli, na kiangazi kijia chote kina mbigili. Miiba yake midogo, ila ikiingia kwenye unyayo hata ng'ombe anainua mguu.

Mwanzo aliimbisha. Halafu sauti ikaanza kukatika. Halafu akawa anaruka ruka kama kuku aliyemwagiwa maji, na wimbo ukafia hapo hapo, watu wamesimama hawajui waitikie nini. Akakaa chini, kainua mguu, anachomoa mbigili moja moja. Mimi nikasimama karibu kabisa ili aone raba zake zinavyoning'inia. Sikumuonea huruma hata kidogo. Ningeweza kukaa pale mpaka mchana.

"Mwanangu, mrudishie mtani wako viatu," mama mwenyekiti akasema.

"Shida yangu moja tu, mama. Aombe."

Nilikuwa nataka aone aibu. Nataka uso wake ushuke, anyamaze, akalale na aibu hiyo kama nilivyolala na yangu.

Akaangalia mguu, akaangalia watu. Halafu akapiga magoti kwenye vumbi, akapiga makofi taratibu kama anamsalimia mtemi.

"Nimekosa, mtani. Nimekosa sana. Nyie Wafipa mna dawa, mmeroga mpaka majani." Akavua filimbi, akanivalisha mwenyewe. "Imbisha wewe. Mimi nimeshindwa, hata pumzi sina."

Watu wakapiga vigelegele. Mama mwenyekiti akamkumbatia yeye, sio mimi. Yeye anacheka kweli, machozi yanamtoka, anavaa raba zake huku ananiambia, "Leo umenipata mtani, jichunge, zako nitazitupa mto Katuma." Hakuna hata mtu mmoja aliyejua kwamba mimi sikuwa natania.

Nikapuliza filimbi. Nikaita, nikawapa watu nafasi ya kuvuta pumzi, wakaitikia vizuri, mtaa mzima ukatoka milangoni kutuangalia. Na yeye alikuwa nyuma yangu kabisa, anachechemea, anaitikia kwa furaha, kwa sauti kubwa kuliko wote.