Kuni za Bibi

Nilipokuwa mtoto kule Magamba, uongo ulikuwa dhambi mwaka mzima, isipokuwa mvua za kwanza zikishanyesha. Hapo bibi yangu, mzaa mama, mtu wa sala asubuhi na jioni, alibeba kikapu akasema anakwenda kutafuta kuni. Alikuwa anakwenda kutafuta uyoga.

"Uyoga una masikio," alituambia. "Ukiutaja njiani, unarudi chini."

Alikuwa na kichuguu chake huko porini kwenye miombo, ambako kila mwaka ulitoka uyoga mpana kama sahani. Hakuna aliyekijua, hata mama. Mwaka nilioingia darasa la tano alinifunga kanga kiunoni, akasema, "Leo utakiona. Miguu yangu hii haina mwaka mwingine."

Hatujamaliza hata uwanja wa shule, tukakutana na jirani yetu, Mama Kulwa, anatoka kisimani.

"Shikamoo bibi. Nyie wapi asubuhi hii?"

"Marahaba. Kuni tu, mwanangu."

"Kuni na kikapu?" Mama Kulwa akacheka. Alijua. Kila mtu alijua.

Mimi nilikuwa mtoto wa kusahihisha watu. Nikasema, "Siyo kuni. Tunaenda kutafuta uyoga."

Bibi hakunigombeza. Aligeuka, akashika njia ya nyumbani. Nikamfuata nikilia, nikimwambia uyoga hauna masikio, mwalimu kasema.

"Basi kamuulize mwalimu uyoga ulipo."

Mvua za mwaka uliofuata magoti hayakumruhusu kutoka uani. Za mwaka wa pili zilimkuta kaburini.

Chuo kikuu nilisoma kwamba uyoga ule hulimwa na mchwa, chini kabisa ya kichuguu. Masikio hayakutajwa. Nimejua mengi juu yake, isipokuwa mahali ulipo.

Mvua zikianza, narudi Magamba. Mwaka juzi Mama Kulwa, sasa bibi mwenyewe, alinikuta njiani.

"Wapi, mwanangu?"

"Kuni tu, mama."

Akakitazama kikapu, akaitazama mikono yangu isiyo na panga.

"Haya. Ukipata nyingi, uniletee za mboga."

Kichuguu sijakipata. Miombo mingi imekatwa kuwa kuni za kukausha tumbaku, na bado siamini kwamba uyoga unasikia. Lakini kutoka uwanja wa shule hadi pori linapoanza silitamki neno uyoga, kama nilivyotakiwa asubuhi ile.