Mkono wa Mjomba na Chupa Iliyokatazwa

Mjomba wangu ni fundi wa vanishi. Samani ikitoka kwa seremala bado imepauka, yeye huchukua kitambaa kilichofungwa pamba ndani, hukichovya katika vanishi iliyozimuliwa kwa spiriti, kisha huisugua mbao kwa miduara midogo mpaka ianze kung'aa. Kazi hiyo haitaki nguvu. Inataka mkono mtulivu. Na mkono wa Mjomba umeanza kumsaliti. Viungo vya vidole vimevimba, na asubuhi havikunjiki. Vidonge vya zahanati vilimchoma tumbo akaviacha.

Kilichomfaa ni majani ya bangi yaliyolowekwa katika spiriti. Havuti. Hajapata kuvuta hata sigara, wala kuonja pombe. Hujichua vidole, hungoja kidogo, kisha huingia kazini. Mimi, niliyetoka chuo cha ufundi kuja kufanya kazi chini yake, niliitambua siri hiyo kwa harufu, nikanyamaza.

Wakati huo redioni mjadala ulikuwa umepamba moto: bangi iruhusiwe au iendelee kukatazwa. Karakanani msemaji mkuu alikuwa seremala tuliyemwita Kaseti, kwa kuwa akianza hakatiki.

"Wakiiruhusu hiyo kitu, nchi nzima italala!"

"Na bia je?" Mjomba akamuuliza. "Wewe Jumatatu huwa unaamka?"

"Bia ina kibali, mzee wangu. Mimi nalewa kihalali!"

Tulicheka sote.

Karakanani kwetu chupa hazina lebo. Kila moja hujulikana kwa mahali inaposimama. Ya spiriti hukaa dirishani. Ya Mjomba ilijificha nyuma ya kopo la gundi. Siku moja, mimi na Mjomba tukiwa tumepeleka viti kwa mteja, Kaseti alifagia rafu na kuzipanga chupa zote dirishani. Kisha, kwa nia njema kabisa, akazimua vanishi na kuipaka kaunta ya baa mpya, ya mbao nyeupe iliyoteuliwa kwa uangalifu.

Tuliporudi, kaunta ilikuwa na ukijani wa maji ya bwawa.

"Nani kaniharibia kazi?" Bosi, mwenye karakana, alifoka.

"Nimetumia spiriti ya dirishani, Bosi! Haki ya Mungu!"

Bosi akainusa chupa. Akatutazama mmoja mmoja. "Hii ni ya nani? Kaseti, ni yako? Kama ni yako, vua aproni."

Mjomba angeweza kukaa kimya. Kaseti alikuwa ameshaanza kufungua kamba za aproni.

"Ni yangu," Mjomba alisema. "Ni ya kuchua vidole."

"Mzee, unataka wanifungie karakana?"

"Sivuti, mwanangu."

"Sheria haiulizi unavuta au unachua."

"Bosi," nikasema, "bila hiyo mkono wake haufanyi kazi."

"Basi anywe bia apunguze maumivu. Bia haina kesi."

Hakuwa anatania. Wala siwezi kumlaumu kabisa: karakana ndiyo shamba lake, na askari hawaji na mzaha. Wala sidai kila jani liachwe huru. Nimemwona jirani yetu akipotea kwa kuvuta bangi. Kinachonikereketa ni kwamba wanaobishana redioni, wa upande huu na wa upande ule, humzungumzia mvutaji tu. Mwenye vidole vilivyovimba hakuna anayemtaja.

Mjomba aliimwaga chupa mtaroni kwa mkono wake mwenyewe. Kaunta tukaikwangua, nikaipaka upya mimi, yeye akisimama pembeni na kunielekeza kwa kidevu.

Wiki zilizofuata alijaribu maji ya moto, akajaribu kitambaa cha sufu, akajaribu kuvumilia. Kisha akaanza kufuatana na Kaseti kwenda baa baada ya kazi. Baadaye akaanza kwenda kabla ya kazi. Mama, dada yake, alimsihi. Akajibu, "Dada, ninakunywa kihalali," na wala hakucheka.

Leo asubuhi alikuja akinuka bia, akapaka mlango wa kabati, vanishi ikachuruzika mistari mirefu. Bosi alipita karibu, akamgonga begani.

"Mzee leo umechangamka!"

Alipokwenda zake na vanishi ikakauka, nilichukua msasa nikaanza kuiondoa mistari ile, nikisugua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, mpaka Mjomba akanishika mkono.

"Taratibu, mwanangu. Mbao haina kosa."