Alumini Haiwi Nyekundu

Nilikuwa nimekwisha kuachwa, nimerudi kwa baba yangu Makangale, pale sufuria kubwa ya marehemu mama ilipopasuka. Ilikuwa sufuria ya shughuli, ya alumini nzito. Watu wakiiazima kwenye harusi na hitima, na mie nikifuatana nayo kwenda kupika. Ufa ulianzia chini ya mkono wa kushikia ukateremka karibu na kitako. Fundi bati wa kijijini aliipiga ribiti, vile vijisumari vya kubania bati, mchuzi ukaendelea kuvuja. Watu wakanambia niipeleke Konde, kwa kijana mmoja aliyekuwa akichomelea magari ya abiria uani kwao.

Nilimkuta na mama yake. Wazee wao walitoka bara zamani wakavuka kuja kisiwani kwetu, lakini wao wawili walikuwa wazaliwa wa Konde. Mama alikuwa kibarazani akisuka ukili wa mkeka, akanikaribisha mkekani kabla mwanawe hajavua miwani yake nyeusi. Fundi aliipokea sufuria, akaigeuzageuza juani, akanieleza bila kuficha kwamba chuma amekizoea, alumini hajapata kuiunga.

"Ntajaribu, bibie," alisema. "Ila ikiniharibikia usinichukie."

Ikamharibikia. Chuma kikipata moto huwa chekundu, fundi akajua kimekaribia kuyeyuka. Alumini haiwi nyekundu. Ilikaa vile vile nyeupe, halafu ghafla ikadondoka kama nta, na palipokuwa na ufa pakawa na tundu la kupita ngumi. Alizima moto akavua miwani. Ile sufuria ilikuwa riziki yangu, na ndicho kitu pekee cha mama nilichobaki nacho, lakini nilipouona uso wake hasira iliniondoka. Aliniomba nimwachie mpaka aijue njia yake.

Basi kila nilipopata safari ya sokoni nikapita kuulizia. Nikijiambia naenda kwa ajili ya sufuria. Yeye alikusanya vifuniko vilivyobonyea na mabirika mabovu, akawa anaviunga na kuviharibu. Unga wa kusafishia alumini aliuagiza Mombasa. Vijiti vya kujazia ufa alivikata mwenyewe kwenye vifuniko. Mama yake akinipa ukili nisuke huku tunamtazama, na nikiondoka hunifungia kitu cha kumpelekea baba.

Siku moja alilalamika kwamba alumini haimpi dalili yoyote kabla ya kuyeyuka. Nikamwambia mie nikitaka kujua kama mafuta yameiva sitazami rangi, hutumbukiza kijiti nikaona kinavyotoa povu. Alicheka. Kisha akaenda kuchukua kipande cha sabuni ya kufulia, akachora mstari juu ya kifuniko na kuupitishia moto. Mstari ukawa hudhurungi, ukawa mweusi. Akauondoa moto haraka, na kifuniko kilikuwa kizima.

Alipoiunga sufuria yenyewe, kwa kiraka alichokikata kwenye kifuniko, aliniita nisogee. Aliniambia sabuni ikishakuwa nyeusi yeye hapumui tena, na kweli niliona kifua chake kimetulia, mkono mmoja umeshika bomba la moto, mwingine unagusisha kijiti, tone baada ya tone. Lilibaki kovu nene kama kidole. Tukaijaza maji, tukainama wote watatu kuchungulia chini. Halikutoka hata tone. Mama yake alimshukuru Mungu, akaingia ndani kutia chai.

Fundi akasema, bila kunitazama, "Sasa huna tena la kukuleta Konde."

Nikamjibu kwamba kama yupo mwenye la kumpeleka Makangale, njia ni ile ile moja.

Alimtuma mjomba wake kuniposa. Baba alimpokea vizuri, akampa kahawa, akamkatalia. Miaka ile siasa ilikuwa imekwisha kuingia majumbani. Watu walikuwa wakisusiana maduka, wakisusiana hata maziko, na mwenye asili ya bara na sisi wa hapa tulihesabiwa pande mbili hata kama hakuna aliyetuuliza. Mjomba alipoondoka baba aliniita.

"Kijana sina lawama naye," aliniambia. "Lakini nikikuoza kule, mie nani atakuja kunizika?"

Nilikuwa mtoto wake pekee.

Haukupita muda dereva wa gari la Konde akanieleza kwamba fundi na mama yake wamehamia Tanga, amepata kazi gereji huko. Kwa muda mrefu kila niliposikia gari linakuja nilitoka mlangoni kutazama, ingawa nilijua hakuna atakayeshuka. Baadaye niliolewa Micheweni na mvuvi, mtu mwema, tukazaa. Sikumkosesha kitu na yeye hakunikosesha. Lakini nikipita penye mtu anachomelea chuma hupunguza mwendo, nikatazama mikono.

Baba alipozeeka nilimchukua kwangu. Mchana mmoja, amelala nikidhani yumo usingizini, aliniuliza yule fundi wa Konde alioa nani.

"Sijui, baba," nilimwambia.

Akageukia ukutani. "Bora ningekuacha wende," alisema.

Nilimfunika shuka miguuni, nikatoka uani, nikakaa peke yangu mpaka ikaadhiniwa alasiri.