Mafundo ya Fridolin na Mabati ya Ng'ambo

Teofili, mwalimu wa dini hapa Katindiuka, ameniletea daftari niandike maisha ya marehemu mume wangu. Nimemwambia nilisoma madarasa mawili tu, tena la pili sikulimaliza. Akasema andika hivyohivyo. Basi mkono ukivimba, dhambi ni yake.

Fridolin alikuwa mwezekaji wa nyasi. Hakuna paa lake lililovuja, naye alilijua hilo, ndiyo maana alitembea kama Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Mwaka 1954 akaja kwa baba yangu, mzee Melkiori, kunichumbia. Baba alikuwa ameona mabati ya misheni yanavyong'aa, akili zikamruka. Akamwambia, "Mtu wa nyasi haniolei binti. Weka bati kumi na nne juu ya nyumba yangu, ndipo urudi." Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta na mwiko mkononi, nimekasirika.

Mwaka huohuo akafika Mzungu mmoja, wakala wa kampuni ya mabati ya ng'ambo. Tulimwita Bwana Bati. Alitaka kujua bonde letu lingenunua mabati mangapi, asije akaagiza kidogo wengine wakamtangulia. Akamwajiri Fridolin amhesabie kila paa la nyasi. Fridolin hakujua kuandika. Alichukua kamba ya kuezekea, kila paa akapiga fundo. Alianza mjini, akashuka mpaka kwenye mashamba ya mpunga. Kamba iliporudi ilikuwa mzigo wa kubeba begani. Bwana Bati akafurahi, akaandika barua Ulaya.

Mabati yakaja, lori baada ya lori, ghala likajaa. Wanunuzi wakawa wachache. Bwana Bati akashuka bondeni kuwatafuta wengine, Fridolin nyuma yake. Mpunga ulikuwa umeshavunwa. Vibanda vitupu, vingine upepo umevilaza.

"Wenye nyumba hizi wako wapi?"

"Wako kwao, Bwana. Huku tunakuja kulima na kuamia ndege wasile mpunga, basi. Kila mtu ana nyumba mjini na kibanda shambani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema nihesabu mapaa. Habari za watu hukuuliza."

Fridolin aliapa mpaka anakufa kwamba hakufanya ujanja. Nimeishi naye miaka thelathini na minane, sina la kuongeza.

Bwana Bati angemfukuza, lakini ofisi yake alikuwa ameiezeka mabati yaleyale ili watu waone, na jua la Novemba likamchoma humo kama muhogo. Ikabidi amwombe Fridolin aweke nyasi juu ya bati. Fridolin akataja ujira wake: bati kumi na nne. Akapewa, na misumari juu.

Akazipigilia juu ya nyumba ya baba, tukaoana. Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, asubuhi yake baba akaja kwetu, macho mekundu. Hakumtazama mkwewe. Akauliza kama zile nyasi za kufunika bati bado zipo, maana makelele ya mvua juu ya bati usiku yalimzidi.

"Shikamoo, baba," Fridolin akasema. "Nyasi zipo. Ila mtu wa nyasi ndiye hayupo, ulimfukuza."

Alimweka akingoja wiki nzima, ndipo akaenda kumwezekea.

Sasa jiko langu linavuja tangu Fridolin azikwe. Wewe uliyesoma mpaka hapa bila jasho, Jumamosi njoo na mafungu mawili ya nyasi ndefu, uzikate mwenyewe. Usiniletee bati.