Kisu Kisichokata Kitu

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nikisomea uuguzi Birmingham, nimetoka Kenya na Biblia na sweta moja. Nilifungiwa milango mingi kabla ya kupata chumba mtaa wa Kingstanding, kwa mama mmoja mjane aliyekaa na kaka yake. Sijawahi kuishi nyumba iliyonichekesha kama ile.

Mama alikuwa mfuasi wa Wicca, dini ya uganga na miungu ya kale, kaka yake Mdruidi, mfuasi wa desturi za makuhani wa kale wa Uingereza, na kila mlo ulikuwa mjadala. Wote walisherehekea siku iliyo ndefu kuliko zote katika mwaka. Lakini kaka alivaa kanzu nyeupe akaomba hadharani, mchana kweupe, na Jumapili alikwenda kanisani bila wasiwasi wowote. Mama alifunga mapazia, akachora duara hewani kwa kisu, akamwita mungu wa kike na wa kiume. Asiyekula kiapo haingii.

"Nyinyi ni gwaride tu," mama alimwambia kaka yake.

"Na nyinyi mnajificha nini?"

Mama alijiita mchawi waziwazi, kama mtu anayesema yeye ni fundi cherehani. Kwetu hakuna anayejipa jina hilo! Wiki ya kwanza nililala na Biblia chini ya mto. Ya pili nilikuwa nikimsaidia kumenya viazi.

Jumamosi moja nilitaka kuwapikia. Nikaona kisu chenye mpini mweusi kando ya bakuli la chumvi, butu kabisa. Nikakichemsha kama tulivyofundishwa wodini, nikakinoa kwenye ngazi ya mlango, nikakatia kabichi. Mama alipoingia, rangi ikamtoka. Kumbe ndicho kile cha ibada, na hakiruhusiwi kukata kitu chochote.

Kaka alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Nilipanda chumbani nikaanza kufungasha kabla sijafukuzwa, huku najiuliza nani mwingine atanipokea mji huu.

Mama akasimama mlangoni, akatazama sanduku.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Nimekiharibu kisu chako."

"Kisu nitakitakasa kwa maji na chumvi, kesho kitakuwa kipya. Wewe nikikupoteza, nitakutakasa kwa kitu gani ili urudi?"

Nililia kwa furaha, nami si mtu wa machozi. Tuliposhuka, kaka alikuwa ameshamaliza nusu ya kabichi.